Blanketi Lililorefuka Peke Yake

"Mwili umerudi, mwanangu, lakini mikono umeiacha hukohuko," Mama Plasta aliniambia huku akiinama kuokota meno niliyoyaangusha.

Yalikuwa meno ya juu, seti nzima, ya mzee mmoja mstaafu aliyekuwa na hamu ya kutafuna tena nyama kabla hajafa. Bahati yake yalikuwa bado yameshikizwa kwenye nta. Niliyapuliza vumbi, nikayarudisha mezani. Mimi ni fundi wa meno bandia. Kazi yangu haitaki mkono unaotetemeka, na wangu ulikuwa ukitetemeka tangu niliposhuka kwenye ndege, baada ya mwaka na zaidi wa masomo ng'ambo.

"Nimechoka tu," nilisema.

"Umechoka au umeogopa?"

Mama Plasta ndiye anayekoroga plasta ya kutengenezea chapa za vinywa vya wateja, na hujisifu kwamba mtu aliyezoea kuona wenzake wakiachama hafichwi kitu. Ningemwambia nini? Kwamba naogopa nyumba ya mchumba wangu? Kwamba kila nikifikiria kugusa kitasa cha mlango wake moyo unanidunda kama nimekwenda kuiba?

Mchumba wangu ni fundi wa friji. Mtaa mzima unamwita Baridi, yeye ananiita Meno, na tulipotangaza uchumba watu walicheka mpaka wakakaa chini. Baridi na meno! Hivyo viwili vikikutana, walisema, lazima kuna atakayeumia. Tulicheka nao. Siku zile nilikuwa nacheka kila kitu, isipokuwa maneno ya mama yake.

"Mwanamke akivuka maji, anayerudi ni mwingine," alisema mbele ya wote nilipokwenda kuaga. "Mwanangu hatamngoja mtu asiyemjua. Afadhali atafute aliye karibu."

Sasa nilikuwa nimerudi. Nilipokwenda kumwamkia nilipiga goti, nikasema shikamoo mama. Aliitikia marahaba huku akiutazama ukuta uliokuwa nyuma ya bega langu, utadhani aliyemwamkia ni kalenda. Kisha akanishika uso kwa mikono miwili. Akanipapasa mashavu, taya, paji la uso, polepole, bila hata chembe ya tabasamu, kama mtu anayechagua viazi. "Umekonda," akasema, akaniachia. Machoni hakunitazama hata mara moja. Nilirudi kwa dada yangu, ninakoishi, nikalia bafuni nikiwa nimefungulia bomba ili asinisikie.

"Rudi kwenye kufuma kwako," Mama Plasta alisema, akipangusa mikono kwenye aproni. "Zamani ulikuwa unakuja hapa na sindano ya kufumia mfukoni, chai haijapoa umeshaongeza mstari. Mtu akitoka safari huanza na vitu vidogo. Mume atafuata."

"Bado hajawa mume."

"Si ndiyo maana nikasema atafuata? Haya, shika meno ya watu. Safari hii kwa mikono miwili."

Basi Jumamosi asubuhi nikaenda kwa Baridi kuchukua blanketi langu.

Karakana yake iko mbele, nyumba iko nyuma. Ili ufike sebuleni lazima upite katikati ya friji za watu zilizoachwa milango wazi, sakafu imejaa skrubu na vipande vya bomba la shaba. Yeye alikuwa amelala kifudifudi nyuma ya friji kubwa la bucha. Miguu tu ndiyo ilikuwa inaonekana.

"Nani huyo?" miguu iliuliza.

"Mwizi."

"Mwizi karibu. Chai iko kwenye chupa. Usiibe sukari yote."

Jamani, sauti ile! Nilikuwa nimeisikia kwenye simu kwa mwaka mzima na bado sikuwa nimeizoea. Nilisimama nikaitazama miguu yake, soksi moja nyeusi na nyingine ya kijivu, nikajiambia: wewe mjinga, mtu wako huyu hapa, unaogopa nini? Nikapita ndani mwepesi kidogo.

Kikapu changu kilikuwa palepale nilipokiacha, chini kabisa ya kabati la chumbani. Blanketi lile nililianza wiki tuliyovishana pete, la mawimbi ya bluu, maziwa na haradali, la kitanda chetu. Niliondoka likiwa nusu. "Nikirudi nalimalizia, nikimaliza tunaoana," nilimwambia Baridi nikiwa nafunga sanduku. Nikachomeka pini nyekundu kwenye mstari wa mwisho. Ndivyo tunavyofanya sisi wafumaji tukiacha kazi, tunaweka alama ili mkono ukirudi ujue ulipoishia. Kule ng'ambo sikufuma hata kitanzi kimoja. Uzi nilinunua, mzuri kweli, nikawa naukumbatia na kusinzia nao.

Nilikaa kwenye zulia, nikalikunjua magotini, nikatafuta pini. Ilikuwepo. Lakini haikuwa kwenye mstari wa mwisho. Juu ya pini palikuwa na blanketi.

Kwanza nilidhani nimesahau. Labda nilifuma zaidi, labda pini ilichomoka ikarudishwa mahali sipo. Nikapitisha kidole. Hapana. Upana wa kiganja kizima na zaidi, mstari juu ya mstari, na hakuna hata mmoja uliokuwa wangu. Mimi mkono wangu ni mlegevu, vitanzi vyangu vinapumua. Vile vilikuwa vidogo, vimekazwa, vimejipanga sawasawa. Nikafungua pazia lote ili nione vizuri, na ndipo nilipoona kilichonifanya nishike kitanda. Vitanzi vilikuwa vimelalia upande wa pili. Vyangu vinainamia huku, vile vilikuwa vinainamia kule. Mtu aliyevifuma alishika sindano kwa mkono wa kushoto.

Kuna mwanamke, mashoto, aliyekaa katika chumba hiki. Hakuja mara moja akaondoka, maana kazi ile haikuwa ya siku moja. Alifungua kabati, akatoa kikapu changu, akashika sindano yangu, akakaa labda hapahapa nilipokaa, akaendelea kufuma blanketi la kitanda changu kana kwamba ni lake. *Afadhali atafute aliye karibu.*

"Meno! Mbona kimya? Umeiba nini huko?"

Baridi aliingia akifuta mikono kwa kitambaa chenye mafuta. Akaliona blanketi. Macho yake yaliligonga, yakaenda mlangoni, yakashuka miguuni.

"Umelitoa," alisema.

"Ni langu."

"Najua ni lako. Nilidhani utalitoa baadaye kidogo."

"Baadaye lini?"

Akakuna shingo.

"Baridi, nani ameshika blanketi langu?"

"Hilo usiniulize leo."

"Nimeshakuuliza."

"Nimeahidi sitasema."

"Umemwahidi nani?"

"Meno, tafadhali."

"Ni mwanamke?"

Baridi hajui kudanganya. Ni jambo nililompendea tangu mwanzo, na asubuhi ile nililichukia kwa moyo wangu wote.

"Ni mwanamke," alisema, "lakini sivyo unavyo..."

"Alikuwa anakuja hapa?"

"Alikuwa anakuja. Mara nyingi mimi nikiwa kwenye kazi za watu." Akachuchumaa mbele yangu. "Nisikilize. Kesho mama anakuja kula na sisi mchana. Ana jambo anataka kukuambia mwenyewe, kwa mdomo wake. Kesho utajua yote."

"Kwa hiyo mama yako anajua?"

"Mama ndiye aliye..." Akajing'ata. "Kesho, Meno. Nimeapa. Unaniamini?"

Uso wake ulikuwa karibu sana. Nywele zake zilikuwa na vumbi la nyuma ya friji, na penye nyusi palikuwa na kovu ninalolijua kuliko makovu yangu mwenyewe. Nilitamani kuweka shavu langu kwenye kiganja chake, nikae hivyo tu. Sikuthubutu. Nikaona nikikiegemea kiganja kile, kesho kitaondolewa na mimi nitaanguka.

"Nakuamini," nilisema. Ulikuwa uongo.

Nje honi ilipigwa. Mwenye bucha alikuwa amekuja na pikapu kuchukua friji lake, anapiga kelele kwamba nyama zinaharibika. Baridi akanibusu paji la uso haraka haraka. "Naenda kulifunga, narudi. Usiondoke."

Niliwafuata mpaka karakanani, nikawaona wakilisukuma friji kwenye gari na kuondoka. Nilipogeuka nikakutana na Chaki.

Chaki ni binti anayepokea simu za Baridi na kuandika kwa chaki kwenye milango ya friji: IMEPONA, BADO, HAIPONI. Alianza kazi mimi nikiwa ng'ambo, nilikuwa namjua kwa sauti tu. Kumbe ana uso mzuri namna ile! Alikuwa amesimama mbele ya friji fupi, anaandika BADO. Kwa mkono wa kushoto.

"Dada shikamoo," alisema, akanitabasamia. "Hatimaye tumekuona. Bosi alikuwa hana wimbo mwingine, Meno, Meno, mpaka tukachoka."

"Marahaba," nilisema. Macho yangu yalikuwa kwenye mkono wake. "Wewe ni mashoto."

"Toka kuzaliwa! Nyumbani wamenichapa mpaka wamechoka wao. Watu hawapendi, eti sina adabu." Akautazama mkono wake mwenyewe akacheka. "Mama yake bosi tu ndiye anayenitetea. Yule mama ananipenda jamani! Akija hapa lazima anishike mkono huu, aupigepige, aseme, usikubali wakubadilishe."

"Anakuja mara nyingi?"

"Siku hizi? Karibu kila wiki. Anakaa huko ndani, nampelekea chai, tunapiga stori."

Swali lilikuwa limenikaa kwenye ncha ya ulimi. Dada, wewe unafuma? Maneno matatu. Ningeyasema, yote yaliyofuata yasingetokea. Lakini aliyeogopa haulizi swali ambalo jibu lake anadhani analo. Nilisema tu, "Kazi njema," nikarudi ndani.

Nilikaa tena kwenye zulia. Nikayaweka yote pamoja. Mama hanitazami usoni. Mama anampenda binti wa karibu, anamsifia mkono. Binti anaingia ndani ya nyumba. Kesho mama anakuja kusema jambo, na mwanawe ameapa kutonigusia. Ungekuwa wewe ungefikiri nini? Nilijiona kesho yake nimekaa kwenye kile kiti cha karibu na mlango, naambiwa kwa upole kwamba mambo yamebadilika, na Chaki yuko jikoni anapakua.

Nikashika kitanzi cha mwisho, kile cha juu kabisa. Nikavuta.

Kufuma ni kazi ya miezi, kufumua ni kazi ya pumzi. Uzi ulikuja wenyewe, mstari mmoja, mwingine, mwingine, na mimi navuta huku nalia, kamasi na machozi vyote pamoja, sina hata haya. Haradali ikaisha, bluu ikaisha, maziwa yakaisha. Nilipofika kwenye pini nikasimama. Nikauviringisha ule uzi ukawa donge. Ulikuwa umejaa mikunjo, kama nywele zilizotoka kufumuliwa, na nilipojaribu kuunyoosha kwa vidole ulijikunja tena. Nikaurudisha kikapuni pamoja na blanketi, nikaondoka kabla Baridi hajarudi. Simu yake sikupokea.

Jumapili nilivaa gauni lenye mifuko. Kabla sijatoka kwa dada yangu nilivua pete nikaiweka mfuko wa kulia. Nilikuwa nimeamua kwamba nitaitoa mwenyewe. Kuvuliwa, hapana.

Baridi alikuwa amepika, na meza ameiandaa yeye. Aliponiona alitaka kusema neno, lakini teksi ikasimama nje akakimbilia mlangoni. Nilisikia sauti yake chini chini: "Kizingiti, mama. Inua mguu. Haya."

Nikaona mkono wa mama yake ukishika fremu ya mlango, ukiipapasa, ukishuka. Nikaona mguu wake ukitafuta sakafu kabla haujakanyaga. Alikuwa amevaa vizuri, kitambaa cha kichwa kimefungwa kwa unadhifu, na macho yake yalikuwa yanatazama mahali ambapo hapakuwa na mtu.

"Shikamoo mama," nilisema, na goti lilishuka lenyewe.

"Marahaba. Uko wapi? Njoo upande wa dirisha, kwenye mwanga."

Nikasogea kwenye mwanga, na macho yake hayakunifuata.

Baridi alimkalisha. Mama akashusha pumzi, akaweka mkoba wake mapajani. "Huyu nilimfunga mdomo," alisema, akimwonyesha mwanawe kwa kidevu, "leo namfungua. Macho yangu yanazimika, binti. Yalianza wewe ulipoondoka tu. Daktari amesema yaliyokwenda hayarudi, na yaliyobaki nayo yanaaga. Sasa hivi wewe nakuona kama nguo iliyoanikwa kwenye kamba. Najua ipo, sijui ni ya nani."

"Mama, mbona hamkuniambia?"

"Ungeacha masomo urudi. Mimi niliyesema mbele za watu kwamba hutarudi, ndiyo nikurudishe kwa ugonjwa wangu? Nina kiburi, lakini si cha namna hiyo." Akanyoosha mkono hewani. "Siku ile ulipokuja nilikushika uso kwa sababu sikuwa na njia nyingine. Haya, jambo nililojia. Kaniletee lile blanketi."

Baridi akacheka, furaha imemjaa. "Mama, ameshaliona! Jana nusura anitafune. Nikakaza, sikusema."

"Ameliona?" Uso wa mama ukafunguka. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu nilimwona akitabasamu mpaka meno ya nyuma. "Enhe? Umeionaje mistari yangu?"

"Mistari yako, mama?"

"Ya nani tena? Unadhani huyu anaweza kufuma?" Akacheka peke yake. "Usishangae mkono. Mimi ni mashoto. Hata mwanangu mwenyewe alikuwa hajui mpaka juzi juzi. Nikiwa mdogo bibi yangu aliufunga mkono huu kwa kitambaa, nikajifunza kula kwa kulia, kuandika kwa kulia, kusalimia watu kwa kulia. Vyote vilikubali. Kufuma tu ndiko kulikokataa. Nilikuwa nafuma nimejifungia, na nilipoolewa nikaacha. Hivi macho yalipoanza kwenda nikasema, kufuma hakutaki macho sana. Nikaja hapa siku moja, nikafungua kikapu chako." Akaupapasa mkoba mapajani. "Nilikuja kwa hasira, nisikufiche. Nilitaka nikitupe. Nikapapasa, nikakuta pini. Nikasema, kumbe mtoto huyu aliacha alama. Anayeacha alama anarudi. Nikakaa chini."

Nikasimama. Nikasema nakwenda kulileta. Sijui nilifikaje chumbani.

Baridi alinifuata, bado ana tabasamu, na akanikuta nimepiga magoti mbele ya kabati, blanketi mkono mmoja, donge mkono mwingine. Tabasamu likaondoka.

"Meno. Umefanya nini?"

"Nilidhani ni Chaki," nilinong'ona.

"Chaki? Chaki hajui hata kushona kifungo!"

"Ningejuaje? Hukusema! Ulisema ni mwanamke, ukasema ngoja kesho..."

"Nilikuomba siku moja tu, Meno. Siku moja." Akakaa kitandani, akajishika kichwa. Kule sebuleni mama yake aliita, "Mnalitafuta au mnalifuma?" Kisha Baridi akasema kwa sauti ndogo, bila kunitazama, "Haoni. Mpe ashike upande wako, mwambie ni huo. Atafurahi, atakula, nitamrudisha nyumbani. Wewe wiki hii unafuma upya."

Ilikuwa njia, na nilitaka kuipita. Nikisema ukweli, mama atakuwa alisema kweli tangu mwanzo. Aliyeondoka alikuwa mimi, aliyerudi ni mwanamke wa kufumua vitu vya watu. Atamwambia mwanawe, na mwanawe anampenda mama yake, nami nitatoka kwenye nyumba ile na pete mfukoni kama nilivyoingia. Nilishaanza kulikunja blanketi ili ukingo usionekane. Halafu nikakumbuka vidole vile kwenye mashavu yangu. Viligusa, vikajua nimekonda.

"Vidole vyake vinaona," nilisema. "Na mimi nitakaa naye maisha yangu yote nikiviogopa."

Nilirudi sebuleni nikapiga magoti. Nikamwekea blanketi mapajani, na donge juu yake.

Mikono yake ililipokea kwa furaha. Ilipita juu ya mawimbi yangu malegevu, ikapanda, ikaikuta pini, ikapumzika hapo kidogo. Kisha ikaendelea kupanda na haikukuta kitu. Ikarudi kwenye pini. Ikapanda tena. Baridi alikuwa amesimama mlangoni. Vidole vikashuka, vikagusa donge, vikavuta ncha ya uzi na kuisugua kati ya kidole gumba na cha shahada, mkunjo baada ya mkunjo.

"Nani?" aliuliza.

"Mimi, mama. Jana."

"Ulijua ni kazi yangu?"

"Hapana, mama. Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Kwamba kuna mwanamke mwingine." Machozi yalikuwa yananidondokea mikononi. "Nilivua pete asubuhi. Iko hapa mfukoni. Nilikuja kuirudisha."

Vidole vyake viliendelea kuusugua uzi. Nimewahi kukaa mbele ya walimu wa ng'ambo wakikagua kazi yangu kwa lenzi, sijawahi kuogopa vile. Uso wake ulikuwa umejifunga kama siku ile ya kuaga. Jicho moja lilitoa chozi, na hakulifuta.

"Nilianza mvua za kwanza," alisema, "nikaishia hapo juzi. Nilipoanza nilikuwa naiona rangi. Mwishoni nilikuwa namwuliza yule binti, hii bluu au maziwa?" Akashusha pumzi. "Nilitaka liishe, muoane upesi, ningali naona hata kivuli cha bibi harusi. Ndilo jambo nililojia. Sasa umeturudisha nyuma."

"Nisamehe, mama."

"Nitakusamehe jioni. Sasa hivi nimekasirika."

Mlangoni Baridi alitoa sauti ambayo sijui ilikuwa kicheko au kilio.

"Na hukukosea sana," mama aliendelea, polepole zaidi. "Mwanamke mwingine alikuwepo. Nilikuwa mimi. Nilikuwa naitaka nyumba hii isiwe yako." Akageuza uso kutafuta mlango. "Wewe Baridi, umesimama kama friji mbovu. Lete sindano. Na wewe, vaa pete yako kabla nayo haijapotea."

Niliivaa. Baridi alileta sindano akamwekea mama yake kwenye kiganja cha kulia, kwa mazoea. Mama akaihamishia kushoto, mbele yetu wote wawili, mkono ule aliofungwa kitambaa akiwa mtoto. Akapapasa mpaka kwenye pini, akaingiza ncha ya sindano kwenye kitanzi changu cha mwisho, akauvuta ule uzi wenye mikunjo. Kitanzi cha kwanza kikakaa, kidogo, kimekazwa, kimelalia upande wake.

"Chakula kinapoa, mama," Baridi alisema.

"Kipoe. Si wewe fundi wa baridi?" Akasukuma donge kwa kiwiko mpaka likanigusa goti. "Mwanangu," aliniambia, na alikuwa hajawahi kuniita hivyo, "shika hilo donge. Unipe uzi nikiuomba. Na leo usivute."

Nikalishika kwa mikono miwili. Ilikuwa bado inatetemeka.